Mchuzi Hauonjwi kwa Karatasi

Mimi na hisabati ni chanda na pete. Mwalimu akisema "thibitisha," moyo wangu huruka kwa furaha. Basi kuna kichekesho cha waandishi wa programu za kompyuta kilichonichekesha, kisha kikaninyima usingizi.

Mwaka wa 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alimwandikia mwenzake kuhusu programu fulani. Akamtahadharisha ajihadhari na kasoro zake, kwani yeye alikuwa amethibitisha tu kuwa ni sahihi, hakuwa ameijaribu!

Lo! Kwani ithibati si ndiyo mwisho wa maneno? La hasha. Mwaka wa 1986 Jon Bentley alitoa kitabuni ithibati ya programu ya kutafuta kitu katika orodha kwa kuigawa nusu kwa nusu. Miaka 20 baadaye, Joshua Bloch akaeleza kwamba orodha ikipita vitu kama bilioni moja, jumla ya namba mbili huzidi uwezo wa kompyuta na programu huanguka.

Ithibati haikudanganya. Ilichukulia tu kwamba namba hazina kikomo, kama zile za ubaoni. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake!

Hata hivyo, wenzangu, tusizitupe ithibati. Kujaribu mara 100 hakutuambii lolote kuhusu mara ya 101. Fundi stadi huthibitisha, hujaribu, halafu hujicheka, maana anayejicheka hakatai kukaguliwa. Nami bado naipenda hisabati, tena kuliko jana.