Mnachota Maji Wapi?

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya redio. Si redio ya taarifa ya habari. Redio koli, ile ya kubonyeza kitufe ndipo useme, iliyokaa juu ya meza ya mbao katika chumba kidogo cha kituo cha afya Habaswein, ikila betri ya lori. Miaka hiyo ya tisini mtu akizidiwa Sabuli au Abakore, habari ilikuja kwa miguu, kwa punda au kwa lori la mifugo, nami nikaisukuma hewani hadi Wajir, kama kilomita mia moja kaskazini, au Garissa, karibu mara mbili ya hapo. Redio ilikuwa na adabu yake. Mmoja husema, mwingine hunyamaza, na kila aliyewasha chombo chake anasikia. Aliyeleta soga saa ya dharura alifokewa na nusu ya mkoa.

Simu ya mkononi ilipokuja, haikuja na adabu hiyo.

Nilikabidhiwa simu ya ambulensi, na wengi wakadhani mnara umesimama, kazi imekwisha. Kweli, habari iliyokuwa ikisafiri siku mbili sasa ilisafiri dakika mbili. Shida ni kwamba dakika moja na nusu iliishia kwenye salamu. Sisi Wasomali hatuanzi na shida. Mpigaji ataniuliza kama ni nabad, nami niseme nabad, aulize watoto, aulize mvua, aulize ngamia, na nikimuuliza yeye atajibu kwao ni amani tupu, huku nyuma yake nasikia mwanamke akilia kwa uchungu. Ndugu zetu wa pwani wasitucheke: kwao hata penye msiba jibu la kwanza ni "nzuri", ndipo ije "ila". Ilinibidi nijue kukatiza salamu bila kumvunjia mtu heshima. "Walaal, za nyumbani tutaulizana kesho. Uko wapi?"

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Nairobi mtu hutaja barabara, jengo, steji. Kwetu ni tambarare, mchanga na miiba, na mwenye simu mara nyingi amepanda kichuguu kutafuta mtandao, kwa hiyo hata yeye hayuko alipo mgonjwa. Namkumbuka kijana mmoja aliyepiga usiku; shemeji yake alikuwa amejifungua na damu haikatiki.

"Uko wapi?"

"Niko hapa, adeer."

"Hapa wapi?"

"Hapa mtini."

"Mti upi?"

"Ule mkubwa."

Sikumlaumu, kwake mti ule ulikuwa hauna wa pili. Nikamuuliza swali langu la siku zote: "Mnachota maji wapi?" Akaitaja silanga yao bila kusita, na dereva, mguu mmoja ukiwa ndani ya kiatu, akasema anaijua, amewahi kulala hapo gari limezama topeni. Nikaendelea: kutoka hapo ulipo silanga iko upande wa machweo au wa macheo, taa nyekundu ya mnara unaiona, nani atasimama na tochi gari linapoacha barabara kuu. Mtandao ukakatika kabla hajajibu la tochi. Lakini silanga tulikuwa nayo. Walipofika walikuta amewasha moto kando ya njia kwa akili yake mwenyewe, na mama yule aliishi. Kijana huyo angeanza kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, kama tulivyolelewa, laini ingekatika kwa babu.

Sisemi haya kwa mzaha. Hesabu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliiweka Wajir kwenye vifo 1,683 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, ya pili nchini baada ya Mandera.

Kuhusu wasumbufu wanaopiga namba za dharura bila dharura, watu wamesema mengi. Namba ya 999, iliyoanzia London mwaka 1937, hapa Kenya ilikaa miaka kama 15 bila kufanya kazi, hadi polisi walipoifufua 2013 pamoja na 112 na 911. Kwa kuwa ni ya bure, watoto wasio na kredo huipiga wacheke. Wapo pia wanaopiga kuuliza unga wa msaada utafika lini. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamtishia anayempa mtumishi wa umma habari za uongo kwa kifungo cha hadi miaka mitatu. Mimi watoto hawakunitisha, watoto huchoka. Walionitisha ni watu wazima wanaotia chumvi: mgonjwa ni mmoja, wao husema ni kumi, kwa sababu waliwahi kusema mmoja na gari halikuja. Uongo huo haukuanzia kwao, na hakuna kifungu cha sheria kitakachoumaliza. Utamalizwa na gari linalofika kwa ajili ya mtu mmoja.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilipokata barabara ya Modogashe, mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini simu yangu ililia kama niko zamu. Watu wetu hawapigi ofisi, humpigia mtu: chifu, nesi, dereva, mzee yule wa redio. Nawaelewa. Ni sauti wanayoijua, tena inajibu kwa Kisomali. Lakini mtu hulala, husafiri, huishiwa chaji. Na muda wote kijana anaohangaika kunitafuta mimi, aliye zamu amekaa macho pale hospitalini na hajaambiwa neno.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Habaswein na jirani zake: piga 999 ya polisi au 1199 ya Msalaba Mwekundu, zote hazikati kredo. Taja kwanza maji mnayochota, kisha kilichotokea, na usikate simu mpaka uambiwe. Yangu mimi siku hizi naizima saa nne usiku.