Kufuta na Kuhifadhi

Kila chombo kina namna yake ya kuchoka. Jembe huchoka kwa kulika, kikapu kwa kufumuka, na saa kwa kuchelewa. Kipakatalishi huchoka kwa namna ya ajabu zaidi, maana aghalabu hakuna kilichovunjika ndani yake wala kilichopungua. Huchoka kwa kujaa. Hulemewa na mambo yaliyoingizwa kwa haja ya saa moja, yakaachwa humo kwa miaka.

Mashine ya namna hiyo ilikuwa katika idara yetu ya Kiswahili, katika chuo cha ualimu. Ilinunuliwa mwaka 2016, na kufikia mwaka 2025 ilikuwa imepita katika mikono ya walimu watano. Kila mmoja aliongeza programu zake, na hakuna aliyeondoa za mwenzake. Ilipowashwa ilitaka dakika tisa kabla ya kukubali kuandikiwa neno moja. Baadhi ya wenzangu walitoa shauri kwamba itupwe, inunuliwe mpya. Shauri hilo halikuwa la kipumbavu, lakini lilikuwa ghali, tena lilitangulia swali lililostahili kuulizwa kwanza: je, mashine hii ni gonjwa, au imelemewa tu?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa msomaji ajue jinsi mashine inavyofanya kazi. Kompyuta ina kumbukumbu, nayo ni kama meza ya mwalimu. Ina diski pia, nayo ni kama ghala lililo mwisho wa ua. Kitu kilicho mezani hushikwa mara moja. Kilicho ghalani huendewa. Meza ya mashine yetu ilikuwa ndogo, kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Programu nyingi zilikuwa zimejipa ruhusa ya kuamka zenyewe kila mashine ilipowashwa, zikaijaza meza kabla mwalimu hajaketi. Meza ikijaa, mashine hulazimika kupeleka vitu ghalani na kuvirudisha, huku na huku, bila ya kupumzika. Diski yetu ilikuwa ya zamani, yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Kwa macho ya mtu huo ni mwendo wa kasi. Kwa kompyuta ni mwendo wa konokono. Msimamizi wa meza, ghala na wapagazi wake ni mfumo endeshi, yaani programu ile kuu ambayo bila yake mashine ni bati na plastiki. Msimamizi akielemewa, kazi zote huchelewa.

Fundi wa chuo aliipima diski, akaiona nzima. Basi dawa ilikuwa kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Wahenga walisema kata pua uunge wajihi. Lakini mwenye busara hutazama kwanza mahali pa kukata, kwa sababu kisu hakina macho.

Kufuta ni kazi ya dakika chache. Kujua la kufutwa na la kuhifadhiwa ndiyo kazi yenyewe. Tulimwomba fundi asubiri, tukaketi kuvigawa vilivyomo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la programu: hizo hupatikana tena. Fungu la pili lilikuwa la maandishi yenye nakala mahali pengine, kama mihtasari ya masomo na karatasi za mitihani iliyopita: hayo nayo hayakututia hofu. Fungu la tatu lilikuwa la vitu vilivyozaliwa ndani ya mashine ile, visivyokuwa na pacha duniani. Fungu hili lilikuwa dogo kuliko yote, na thamani yake ilishinda thamani ya mengine yote pamoja.

Siku ya pili ya kutafuta tulifungua folda moja iliyoitwa "Mengine". Jina hilo halikumwita mtu kuifungua. Humo zilikuwamo sauti 143, kazi ya wanachuo ambao kwa miaka kadhaa walitumwa likizoni kuwarekodi wazee wakisimulia ngano na kutega vitendawili. Mmoja wa wasimulizi alikuwa bibi wa Kisiwa cha Pate, aliyefariki mwaka 2021. Katika rekodi yake anakohoa, anaomba maji, kisha anasema "Paukwa!" kwa sauti ya mtu ambaye hajapata kukosa wasikilizaji. Lau fundi angalianza kazi siku ya kwanza, bibi huyo angalikufa mara ya pili, na safari hii asingalibaki wa kumsimulia.

Tulifanya nakala mbili. Moja iliwekwa katika diski ya nje na kufungiwa kabatini. Nyingine ilipelekwa katika hifadhi ya intaneti, mbali na moto, mvua na wezi wa jengo letu. Kisha tulizifungua moja moja na kusikiliza mwanzo na mwisho wake, kazi iliyochukua alasiri mbili. Wako wanaoona kazi hiyo ni ya bure. Si ya bure, kwa sababu nakala isiyopata kufunguliwa ni ahadi tu, na ahadi huweza kuvunjika siku ya haja.

Ikabaki kuchagua mfumo. Windows 10, uliokuwa ndani ya mashine ile, uliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine haikutimiza masharti ya Windows 11. Tulichagua Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu. Kiini cha mifumo hiyo ni Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini. Ubuntu wenyewe ulitolewa kwanza mwaka 2004, kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake, nao hutolewa bure. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa, na mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa: ubuntu wao ni utu wetu, shina moja katika lugha ndugu.

Fundi aliuandika mfumo katika flashi, akaiwasha mashine kutoka humo, akaiamuru diski ifutwe. Hapa pana jambo ambalo kila kijana apaswa kulijua. Kufuta kwa haraka hakuondoi maandishi. Huondoa orodha inayoonyesha yalipo, kama mtu anayeng'oa ukurasa wa yaliyomo na kuziacha sura za kitabu. Kwa hiyo anayeuza au kugawa kompyuta yake hana budi kuhakikisha kwamba diski nzima imeandikwa juu yake, la sivyo humpa mgeni ufunguo wa siri zake.

Mashine sasa huwaka kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Si yote yaliyokuwa mema: programu moja ya zamani ya kupangia alama ilikataa kufanya kazi katika mfumo mpya, ikabidi alama zihamishiwe katika majedwali ya kawaida. Wala kufuta si dawa ya kila maradhi. Vumbi lililoziba feni halifutwi kwa programu, na diski inayokufa haifufuliwi kwa mfumo mpya. Na mtumiaji akiendelea na desturi yake ya kuingiza kila kitu bila ya kutoa kitu, uzito utarudi kwa njia ile ile uliyojia mwanzo.

Wengi huogopa kufuta, wakavumilia mzigo usio na faida. Wengine hufuta kwa pupa, wakajuta. Wote wawili wana upungufu mmoja: hawajui walicho nacho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayejua kilichomo katika mashine yake hufuta bila ya hofu, kwa maana kilicho cha thamani kimekwisha kuwekwa mahali pawili. Kijana unayesoma haya, huenda sauti ya babu yako imo katika simu yako, katika folda isiyo na jina. Itafute leo, uipe jina, uifanyie nakala, na uisikilize hata mwisho.