Wahandisi Watoke Wapi?



Mwezi wa Agosti 2025, huko Musongati, ulizinduliwa ujenzi wa reli itokayo Uvinza, Tanzania. Hapa Magarama habari hiyo ilizungumzwa sana. Wengi walitaka kujua nauli itakuwa kiasi gani. Mimi nilijiuliza ni nani kati yetu atakayeipima njia yenyewe.

Ninaye mdogo wangu wa kike, yuko mwaka wa tisa. Katika hesabu hunishinda, nami nalisema hili bila haya. Karibuni atapangiwa mchepuo wa masomo, na baba mdogo amekwisha kumwambia kwamba barabara na mitambo si kazi ya mwanamke. Baba mdogo si mtu mbaya. Hajapata kumwona mwanamke mhandisi hata mmoja. Wala mimi sijamwona. Basi nimjibu nini?

Nimesoma habari za Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, asilimia 80 ya wanafunzi weusi walioingia mwaka wa kwanza wa uhandisi pale waliacha masomo. Mwaka 1971 vijana wawili, Edward Barnette na Fred Cooper, walimwendea mkuu wa kitivo wakaomba kuunda chama chao, wapate kuwavuta wenzao na kuwashika mkono wasiondoke. Aprili 1975 wakakutana hapo wanafunzi 48 kutoka vyuo 32, na chama kikawa cha taifa zima. Siku hizi, mkutano wao wa mwaka ukifika, makampuni na vyuo huja wenyewe kutafuta vijana. Watu 48 tu! Bweni moja la shule hushinda hao.

Jirani zetu Watanzania nao hawakulala. Bodi yao ya Usajili wa Wahandisi ina Siku ya Wahandisi kila mwaka. Wahandisi hula kiapo hadharani, na wahitimu waliofanya vizuri hutuzwa mbele ya watu. Wanawake, ndani ya Taasisi ya Wahandisi Tanzania, wana tawi lao, tena wana kongamano na maonyesho yao. Msichana akiingia mahali kama hapo, hukutana na mwanamke aliyesimamia ujenzi wa daraja, akamwuliza ana kwa ana alianzaje. Tangazo la ubaoni haliwezi kazi hiyo. Sisi tumesoma matangazo mangapi, na tumekwenda wapi?

Lakini nina neno moja. Mikutano hii hufanyika katika miji mikubwa. Kwa mtoto wa Muyinga, nauli ya kufika Bujumbura tu ni shida, sembuse Dar es Salaam. Yule ambaye chama kinamhitaji zaidi ndiye asiyeweza kufika, na wanaofika mara nyingi ni wale waliokwisha kuingia.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliotutangulia, mlio katika ujenzi, umeme na maji. Kabla michepuo haijapangwa, njoni Jumamosi moja, tena mje na wenzenu wanawake. Wasichana wa shule za jirani waalikwe, na wazazi pia. Hotuba ndefu hatuzitaki; leteni chombo cha kupimia ardhi, tukisimamishe uwanjani, kila mtu achungulie kwa zamu yake. Chakula cha mchana ni kile kile mnachokijua.