Neno Nililomwambia Kijana Wangu

Nyumbani tunaongea Kiswahili, lakini nikikasirika nahamia Kiingereza. Juzi kijana wangu alileta karatasi ya hesabu. Nikamwambia, "Useless!" Hakulia. Aliikunja, akaenda kulala bila kula.

Usiku huo maombi yalinishinda. Kuna "correct": kumwonyesha mtu kosa ili asimame. Kuna "condemn": kumfungia ndani ya kosa lake. Mimi nilikuwa nimehukumu, na madhabahuni nahubiri Warumi 8:1!

Asubuhi nilimwomba msamaha, kwa Kiswahili. Jioni tukaketi na ile karatasi, swali kwa swali.

Mzazi mwenzangu, Wakolosai 3:21 inatuonya tusiwakatishe watoto tamaa. Rekebisha kosa, usimvunje mtoto. Kuna unayehitaji kumwomba msamaha leo? Usingoje Jumapili.