Picha Isiyo na Nakala

Msomaji, ukitaka kununua kamera itoayo picha papo hapo, uliza bei ya filamu kabla ya kuuliza bei ya kamera. Kamera hununuliwa mara moja, bali filamu hununuliwa maadamu kamera ingali nzima, na pakiti moja haina picha nyingi: ya Instax, itengenezwayo na Fujifilm ya Japani, ina 10, ya Polaroid ina 8. Kamera nyingi nzuri zimegeuka mapambo ya kabati kwa sababu hii tu.

Kisha tazama ukubwa wa picha. Instax ndogo hutoa sura ya milimita 62 kwa 46, nayo yatosha mtu mmoja au wawili. Ukipanga ndani yake jamaa wote wa arusi, nyuso zao zitakuwa kama punje za mtama. Polaroid ina rangi za upole zipendezazo, lakini watengenezaji wake huagiza itumiwe penye joto la nyuzi 13 hadi 28. Mkaaji wa Limuru aweza kupatana nayo. Mkaaji wa Lodwar atapata taabu. Mimi nilichagua Instax pana, ya milimita 62 kwa 99, ijapokuwa kuibeba ni kama kubeba mkate.

Asili ya chombo hiki ni swali la mtoto. Mwaka 1943 Edwin Land, mvumbuzi wa Marekani, alimpiga picha binti yake mdogo, naye akauliza kwa nini hawezi kuiona wakati ule ule. Land alionyesha jawabu lake mbele ya wataalamu mwaka 1947, na kamera ya kwanza ikauzwa Boston mwaka 1948. Siri ya kamera za leo ni kijifuko cha dawa kilichofichwa katika ukingo wa karatasi. Picha itokapo hubanwa na rola mbili ndogo. Kijifuko hupasuka, dawa hutandazwa ndani, na sura huanza kujitokeza. Kwa hiyo usiitikise wala kuikunja, kama wafanyavyo wengi; ilaze kivulini, uingoje.

Jihadhari na ukuta mweupe. Nyingi za kamera hizi hupima mwanga na kukata shauri zenyewe. Zikiona weupe mwingi nyuma ya mtu mweusi hupunguza mwanga, na uso wake hutoka kama kivuli kisicho na macho. Mweke chini ya mwembe, au mbele ya ukuta wa udongo, na uiache taa ya kamera iwake hata mchana.

Sasa nakuja kwa jambo lililo kubwa kwangu. Picha hii haina nakala, basi lazima iamuliwe ni ya nani. Huko Afrika ya Kusini serikali ya ubaguzi iliamua kuwa ni yake: ilitumia filamu ya Polaroid kwa pasi ambazo Waafrika walilazimishwa kuchukua, mfano wa kipande chetu cha zamani. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili wa kampuni hiyo kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kuipinga biashara ile hadharani, na mwaka 1977 kampuni ikaiacha.

Nyumbani kwetu Nyeri swali hilo lilikuwa dogo, lakini halikuwa jepesi. Nyanya yangu alikuwa amepigwa picha mara nyingi na wageni walioahidi kumletea, asiletewe hata moja. Nilipompiga, aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akautazama uso wake ukitoka katika weupe kidogo kidogo. Alikuwa mgonjwa, nami nilitamani sana kuondoka na picha ile. Nikanyosha mkono.

"Hii ni yangu, mjukuu wangu," akasema, akaitia ndani ya Biblia yake.

Sikubishana naye. Sasa hayupo, na Biblia iko kwa shangazi. Wajukuu wengine wamemwomba shangazi aitoe picha ipigwe kwa simu, wagawiwe. Yeye hukataa katakata, husema anayeitaka na aje aione. Basi mimi hupanda matatu nikaenda.