Tanga na watoto: safari isiyotaka haraka

Tanga ina msemo unaoujia mdomo wa kila mtu jina la mji likitajwa: waja leo, waondoka leo. Wenyeji wana maelezo yao juu ya msemo huo, na hayafanani. Kwa wageni wengi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Moshi, maneno hayo yanasema kweli tupu. Wanakuja kwa harusi au msiba, wanalala usiku mmoja, na alfajiri wako stendi ya Kange wakitafuta basi. Shule zikifungwa na familia ikakaa kupanga ile akiba ndogo iende wapi, Zanzibar inatajwa, mbuga za wanyama zinatajwa, Tanga haitajwi.

Si haki, maana ni miji michache ya pwani inayomfaa mtoto kama huu. Mji ni tambarare. Baiskeli ni nyingi, na foleni za magari hazijafikia zile za Dar. Kutoka katikati ya mji hadi baharini ni mwendo mfupi, na mambo mengi ya kuona yako karibu karibu. Kinachowaharibia wazazi safari ni kutaka kuyamaliza yote kwa siku moja: mapango asubuhi, magofu mchana, ufukweni jioni. Mtoto wa miaka minne hawezi ratiba hiyo, na joto la pwani lenye unyevu haliangalii kwamba nauli imeshalipwa.

Siku tatu zinatosha, mradi kila siku iwe na jambo kubwa moja tu. Kutoka saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri watoto wawe kivulini, wanywe maji mara kwa mara hata kama hawajaomba, na wenye kulala walale. Mtoto aliyenyamaza ghafla, midomo imekauka na hajakojoa kwa saa nyingi, hajatulia huyo. Amepungukiwa maji.

Asubuhi ya kwanza ifae kwa Mapango ya Amboni, yapata kilomita nane kutoka mjini, upande wa barabara ya Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Mwongozaji hutangulia na tochi, akionyesha ukutani maumbo yanayofanana na vitu, na hapo watoto huwashinda wakubwa, kwa kuwa wao huona mamba na meli kabla hawajaambiwa. Kuna hadithi za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Kwa wengine walikuwa majambazi, kwa wengine wapigania haki. Kuna pia hadithi ya njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa. Iachwe iwe hadithi.

Ndani humo kuna mahali pa mzimu, ambapo watu huacha sadaka na kuomba, wakiwemo wanaotafuta mtoto. Mwanao atauliza ni nini kile. Jibu la kweli linatosha: kuna watu wazima wenye huzuni kubwa, na wamekuja hapa kuomba. Kwa wazazi wenyewe kuna la kuongeza, kwamba kukosa mtoto kuna vipimo hospitali, na vipimo hivyo ni vya mume pia, jambo ambalo familia nyingi hulikumbuka mwishoni kabisa.

Kwa upande wa afya, mapango yana popo wengi na njia nyembamba. Popo hawashikwi, awe mzima au aliyeanguka. Mtoto mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na kama harufu na vumbi vikimbana, atoke bila kubishana. Viatu viwe vya kufunga, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Bahari ina saa zake, na hizi hazimo kwenye matangazo ya hoteli. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Familia inayofika Raskazone maji yakiwa yamekupwa hukuta kina kimekwenda mbali, watoto wamenuna. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti huwa kubwa zaidi. Muulize mvuvi au mhudumu wa ufukweni usiku wa kuamkia, atakwambia. Na yakijaa, mtoto asiyejua kuogelea awe mahali ambapo mkono wa mzazi unamfikia, si mahali ambapo jicho linamwona. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Katika maji ya kina kirefu ya pwani hii anaishi silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka tangu enzi za dinosaria, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga waliwanasa kadhaa kuanzia mwaka 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Hamtamwona akiogelea, lakini kumweleza mtoto hapo hapo mbele ya maji kuna utamu wake.

Sasa chakula, maana ndicho kitakachokumbukwa. Jioni, Ngamiani, mtaa ambao barabara zake zina namba badala ya majina (watoto wanaojifunza kuhesabu wapewe kazi hiyo), moshi wa mishkaki unaanza kupanda. Kuna bajia na kachori za moto, vitumbua, mkate wa kumimina, supu ya pweza, samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, kahawa chungu na kashata kwa wazee. Wauzaji wengi ni akina mama, na mtoto akisema shikamoo bibi kabla ya kunyoosha kidole, kuna uwezekano mkubwa wa kuongezewa bajia ya bure.

Kanuni ni rahisi: kile kinachotoka jikoni kikifuka kina usalama kuliko kilichokaa. Matunda yaliyokatwa mapema na juisi yenye barafu ya maji yasiyojulikana viepukwe. Dafu linafunguliwa mbele yako. Samaki ndiye wa kuangaliwa zaidi. Jodari na jamii yake wakikaa juani hujenga sumu ambayo kupika hakuiondoi, na mlaji hupata wekundu wa uso, kuwashwa na kichwa kuuma. Mtoto ambaye hajawahi kula pweza au kamba aanze na kipande kidogo. Kwenye begi kuwe na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, kwa ajili ya kuhara. Zinauzwa kila duka la dawa, lakini si saa 8 usiku.

Asubuhi ya mwisho iende Tongoni, kusini mwa mji kwenye barabara ya Pangani, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yenye umri wa karne kadhaa. Njiani wakubwa wawakumbushe watoto kwamba Shaaban Robert, wanayemsoma shuleni, alizaliwa Vibambani, pande hizi hizi, mwaka 1909. Wanaopenda vita wasimuliwe ya Novemba 1914, jeshi la Waingereza liliposhindwa na Wajerumani hapa Tanga, na nyuki wakawashambulia askari katikati ya mapigano. Milima ya Amani isubiri safari nyingine.

Malaria ipo. Chandarua chenye dawa kinakunjika ndani ya begi kama shuka, na nguo za mikono mirefu zivaliwe jua likizama. Wanaotoka nyanda za juu, kama Njombe au Mbeya, waangalie zaidi, kwa kuwa watoto wao hawajazoea ugonjwa huu na huwapata kwa ukali. Vimelea huchukua siku saba au zaidi kabla ya homa kutokea, hivyo mtoto anaweza kurudi nyumbani mzima, machungwa ya Muheza yakiwa bado yapo kwenye kikapu, akaanza kuchemka wiki mbili baadaye. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe, na mhudumu aambiwe kwamba alikuwa Tanga.