Dirisha la Juu

Wenyeji wangu walinipeleka Great George Street, Bristol, kwenye nyumba namba 7. John Pinney, tajiri wa sukari ya kisiwa cha Nevis, alijengewa nyumba hiyo karibu mwaka 1790. Leo ni makumbusho. Kwa nje haina makeke. Ni mtindo wa Kigeorgia, wa zama za wafalme wanne waliofuatana wote wakiitwa George, 1714 hadi 1830, na wajenzi wake walipenda ulinganifu kuliko kitu kingine chochote.

Siri ya nyumba za mtindo huu iko kwenye madirisha. Ghorofa ya kupokelea wageni hupewa yaliyo marefu kuliko yote. Kadiri unavyopanda yanafupika, hadi chini ya paa, walikolala watumishi, vinabaki vijidirisha tu. Ukiwa barabarani tayari umeshajua humo ndani nani ni nani, na hodi hujapiga.

Chini kabisa kuna jiko, na birika kubwa la mawe ambamo Pinney alijitosa kwenye maji baridi, kwa afya yake ati. Nilisimama pale nikamuwaza aliyemshikia taulo.

Huenda alikuwa Pero. Pinney alimnunua Nevis mwaka 1765, mtoto wa miaka 12, pamoja na dada zake wawili. Akawa mtumishi wake wa karibu, akaletwa Bristol mwaka 1783, akafa mwaka 1798 bila kuachwa huru. Mwaka 1999 mji ulilipa jina lake daraja la waenda kwa miguu pale bandarini.

Nilitoka na hasira, na hasira ya mgeni ni rahisi. Haikunigharimu kitu mpaka niliporudi kwangu Tabata.

Nyumba yangu niliichora mwenyewe na fundi, kwenye karatasi ya daftari. Sebule tuliipa madirisha mawili mapana ya alumini. Chumba cha dada wa kazi, nyuma ya jiko, kilipata nafasi iliyobaki. Nikachukua futi kamba nikapima dirisha lake: futi moja na nusu kwa futi moja, juu karibu na dari. Ukisimama pale ndani unaona mbingu tu.

Dada alinikuta juu ya stuli.

“Baba, mnataka kuliziba?”